Sisimizi wa Bahia

Katazo huandikwa kwa wino wa siku moja, lakini kulifuta huweza kutaka jasho la miaka mingi. Tarehe 14 Aprili 1941 serikali ya Getúlio Vargas nchini Brazili ilitoa amri nambari 3199 juu ya uendeshaji wa michezo. Kifungu cha 54 cha amri hiyo kiliwakataza wanawake michezo isiyopatana na maumbile yao. Mwaka mmoja kabla yake raia mmoja alikuwa amemwandikia rais barua, akimsihi awalinde akina mama wa siku zijazo na madhara ya mpira wa miguu, kwa kuwa timu za wasichana zilikuwa zimeanza kuenea katika vitongoji vya Rio de Janeiro. Amri haikuutaja mpira kwa jina. Mwaka wa 1965 baraza la michezo la taifa liliutaja waziwazi, pamoja na mieleka na kunyanyua vitu vizito. Katazo lilidumu mpaka mwaka wa 1979.

Neno zito katika amri hiyo ni maumbile. Serikali haikusema kuwa wanawake hawataki kucheza, wala kuwa hawajui kucheza. Ilisema kuwa miili yao haikuumbwa kwa kazi hiyo. Uingereza ilikuwa imetangulia katika njia hiyo. Tarehe 5 Desemba 1921 chama cha mpira cha nchi hiyo kilitangaza kuwa mchezo huo hauwafai wanawake, kikavitaka vilabu viwanyime viwanja, ingawa mwisho wa mwaka uliotangulia watazamaji wapatao 53,000 walikuwa wamefurika katika uwanja wa Goodison Park, Liverpool, kuwatazama wanawake wa kiwanda kimoja cha Preston wakicheza. Hoja ya namna hiyo haishindwi kwa hoja. Mwili ukisingiziwa, mwili ndio upaswao kujibu, na jibu la mwili halitolewi kwa siku moja.

Miraildes Maciel Mota alizaliwa tarehe 3 Machi 1978 katika mji wa Salvador, jimbo la Bahia, sheria ikiwa bado na nguvu. Mwaka uliofuata sheria iliondoka, lakini desturi ilibaki. Mchezo wa wanawake haukupata kanuni zake mpaka mwaka wa 1983, na msichana aliyeonekana na mpira miguuni alihesabiwa kuwa ameiacha njia ya wenzake. Miraildes alijifunza miongoni mwa wavulana. Kaka zake walimpiga kwa ajili hiyo, na mama yake akamwacha acheze. Angali mdogo alipewa jina la Formiga, maana yake sisimizi, kwa kuwa alicheza kama mdudu huyo afanyavyo kazi: hakujitafutia sifa, bali alibeba mzigo wa wote. Jina hilo likalishinda jina la kuzaliwa.

Nafasi yake uwanjani ilikuwa kiungo. Lugha ya Kiswahili imeieleza nafasi hiyo vizuri kuliko lugha nyingi. Kiungo cha mwili hakikumbukwi mpaka kiteguke, na kiungo cha mchuzi hakikumbukwi mpaka kikosekane. Mchezaji wa nafasi hiyo husimama baina ya walinzi na washambuliaji. Humnyang'anya adui mpira, humpa mwenzake, kisha hukimbilia mahali palipo wazi kabla hatari haijaingia. Mfungaji huandikwa katika matokeo, naye kiungo husahauliwa. Katika Kombe la Dunia la 1999 sifa zilimwendea Sissi, mzaliwa mwingine wa Bahia, aliyefunga mabao 7 sawa na Sun Wen wa Uchina. Baadaye zikamwendea Marta. Zote mbili zilikuwa sifa za haki. Lakini aliyekuwapo katika zama za Sissi, akabaki hata katika zama za Marta, ni Formiga.

Alicheza Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza nchini Uswidi mwaka wa 1995, akiwa na umri wa miaka 17. Mwaka wa 1996, wanawake walipoingizwa katika mpira wa Olimpiki kwa mara ya kwanza, alikuwapo Atlanta, na Brazili ikawa ya nne. Mwaka wa 1999 walipata nafasi ya tatu katika Kombe la Dunia. Kisha wakaja karibu na dhahabu mara tatu na mara tatu wakaikosa: Athens mwaka wa 2004 na Beijing mwaka wa 2008 walishindwa na Marekani katika dakika za nyongeza, na katikati ya hapo, mwaka wa 2007, Ujerumani iliwafunga mabao 2 kwa 0 katika fainali ya Kombe la Dunia.

Riziki nayo haikuwa karibu. Brazili, nchi iliyojisifu kwa mpira mbele ya ulimwengu, haikuwa na ligi ya taifa ya wanawake yenye kudumu mpaka mwaka wa 2013. Kwa hiyo kiungo wa timu ya taifa alikwenda Malmö nchini Uswidi, akaenda Marekani, akarudi kwao kuchezea São José, aliyotwaa nayo Kombe la Libertadores mwaka wa 2013 na wa 2014. Mwanzoni mwa 2017, akikaribia miaka 39, umri ambao wenzake wengi wamekwisha kutundika viatu, alijiunga na Paris Saint-Germain. Mwaka wa 2021, akiwa na miaka 43, aliondoka Paris akiwa bingwa wa Ufaransa; ubingwa huo ulikuwa wa kwanza kwa wanawake wa klabu hiyo, na ulikomesha utawala wa Lyon wa misimu 14 mfululizo.

Tarehe 9 Juni 2015, mjini Montreal, aliifunga Korea Kusini akiwa na miaka 37, na hakuna mwanamke mwenye umri mkubwa kuliko huo aliyekuwa amefunga katika Kombe la Dunia. Mwaka wa 2019 nchini Ufaransa alicheza tena, na umri wake ulikuwa miaka 41. Katika kikosi hicho walikuwamo wasichana ambao hawakuwa wamezaliwa alipoanza. Ilikuwa mara yake ya saba, idadi ambayo hapana mchezaji, mwanamume wala mwanamke, aliyekuwa ameifikia. Mashindano ya Tokyo, yaliyofanyika mwaka wa 2021, yalikuwa Olimpiki yake ya saba. Mpira wa wanawake ulikuwa umechezwa katika Olimpiki mara saba tu, na mara zote saba alikuwamo.

Hapa mwanahistoria hana budi kujihadhari. Ni rahisi kuusifu uvumilivu huo na kuishia hapo. Formiga aliiaga timu ya taifa mwisho wa mwaka wa 2016. Mwaka wa 2018, akiwa na miaka 40, aliitwa tena, akakubali. Wito huo ulikuwa heshima kwake, na ulikuwa aibu kwa waliomwita. Nchi yenye mamilioni ya wasichana ilirudi kwa mwanamke wa miaka 40 kwa sababu haikuwa imemwandaa wa kushika nafasi yake. Miaka 38 ya katazo ilikwisha katika vitabu vya sheria, lakini matunda ambayo miti isiyopandwa ingezaa yaliendelea kukosekana. Umri wake uwanjani ni ushahidi wa nguvu zake, na pia ni ushahidi dhidi ya uzembe wa wakubwa wa mchezo.

Mabadiliko yalikuja polepole. Mwaka wa 2019 vilabu vya daraja la kwanza vya Brazili vilitakiwa kuwa na timu za wanawake. Mwaka wa 2020 chama cha mpira cha taifa kilitangaza kuwa posho na zawadi za timu ya taifa ya wanawake zitakuwa sawa na za wanaume. Mwaka wa 2024 nchi hiyo ilichaguliwa kuandaa Kombe la Dunia la Wanawake la 2027.

Formiga alicheza mchezo wake wa kuaga tarehe 25 Novemba 2021 mjini Manaus, dhidi ya India, akiwa amekwisha kuichezea Brazili zaidi ya mara 200. Hakuwa na medali ya dhahabu ya Olimpiki wala ya Kombe la Dunia. Hata hivyo, ile hoja ya maumbile iliyoandikwa mwaka wa 1941 ilikuwa imejibiwa kwa miaka 26 ya timu ya taifa, na mjibuji alikuwa msichana aliyezaliwa chini ya sheria yenyewe.