Waliimba Kando ya Kaburi Tupu



Katika kitabu hiki cha yubilei mtasoma majina ya walioianzisha kwaya yetu, na mtaziona picha za sare tulizovaa miaka hii yote. Sisi tulioombwa kuandika ukurasa wa historia tumeona vyema tuwakumbushe jambo lililowapata jirani zetu wa Uganda mwaka wa 1977. Ni habari ya kanisa lililomtumaini Mungu wakati wa taabu, na wimbo ulikuwa katikati yake.

Mwaka huo Kanisa la Uganda nalo lilikuwa likijiandaa kwa sherehe. Wamisionari wa kwanza wa Kianglikana walifika kwa Kabaka Mutesa tarehe 30 Juni 1877, kwa hiyo kanisa lilikuwa linatimiza miaka 100. Lakini nchi ilikuwa mikononi mwa Idi Amin, aliyetwaa serikali Januari 1971. Watu walichukuliwa majumbani mwao na wengi hawakurudi. Askofu Mkuu alikuwa Janani Luwum, mwana wa Mucwini kule Kitgum, mwalimu wa shule aliyeokoka mwaka wa 1948 wakati wa uamsho. Alikuwa akienda mwenyewe kwa wakubwa wa serikali kuwauliza habari za waliopotea.

Usiku wa kuamkia Februari 5, askari waliingia nyumbani kwake wakidai kutafuta silaha. Hawakupata kitu. Maaskofu wakamwandikia Rais barua ya kulalamika, wakatia sahihi zao. Februari 16 wakaitwa Kampala. Wenzake waliambiwa waende nyumbani, yeye akabakizwa. Kesho yake serikali ikatangaza kwamba Askofu Mkuu amekufa katika ajali ya gari pamoja na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth Ofumbi. Watu hawakuamini habari hiyo.

Kaburi lilikuwa limekwisha kuchimbwa Namirembe, karibu na la Askofu James Hannington. Huyo Hannington sisi Wakenya twamjua: aliondoka Rabai Julai 1885, akaivuka nchi yetu kwa miguu mpaka Busoga, akauawa huko Oktoba kwa amri ya Kabaka Mwanga. Jumapili ya Februari 20, 1977, maelfu walipanda kilima cha Namirembe, ingawa serikali ilikuwa imekataza ibada ya mazishi. Mwili haukuletwa, ulikuwa umepelekwa Mucwini. Ibada ya Jumapili ilipokwisha, watu walitoka wakalizunguka lile kaburi tupu, wakaimba. Waliuimba wimbo wa kumsifu Mungu kila siku, ule ambao husimuliwa kwamba Makko Kakumba, Yusufu Lugalama na Nuwa Serwanga, vijana watatu, waliuimba walipopelekwa motoni Januari 31, 1885.

Tusidhani waliimba kwa kuwa hofu ilikuwa imewaisha. Waliomuua mchungaji wao walikuwa bado wanatawala. Lakini sisi wanakwaya twajua siri moja ya kuimba: hatupumui wote kwa wakati mmoja. Mmoja akiishiwa na pumzi, jirani yake anaishikilia sauti mpaka mwenzake arudi, na anayesikiliza hasikii pengo. Hivyo ndivyo imani inavyokaa wakati wa taabu. Siku ambayo huwezi kuomba, kuna mwenzako anayeomba. Paulo na Sila gerezani walikuwa wawili.

Mwezi wa Juni mwaka huohuo, Kanisa la Uganda liliadhimisha miaka yake 100. Halikungoja Amin aondoke. Aliondolewa mwaka wa 1979. Leo Februari 16 ni sikukuu ya taifa nchini Uganda, na sanamu ya Luwum imesimama mbele ya Westminster Abbey kule London.

Kwa nini tumeyaandika haya katika siku yetu ya furaha? Kwa sababu nasi tuna deni la wimbo. Machi 2020 makanisa yetu yalifungwa kwa ajili ya Korona. Yalipofunguliwa Julai, tuliruhusiwa watu wasiozidi 100, ibada ya saa moja, na umri kati ya miaka 13 na 58. Wengi wa waanzilishi wetu walikuwa wameipita miaka 58. Waliotufundisha kushika sauti walibaki nyumbani, wakatusikiliza kwa simu. Baadhi yao hawakurudi tena. Tuliwazika haraka, mbele ya watu waliohesabiwa, bila sare na bila kwaya. Mzee wetu mmoja wa besi, aliyeimba katika mazishi ya karibu kila mshirika wa kanisa hili, alishushwa kaburini kimya.

Kule Namirembe kulikuwa na wimbo bila mwili. Hapa kwetu kulikuwa na mwili bila wimbo. Jambo hilo limetuuma, na wengine wetu tulifika mahali pa kuuliza kama kwaya itasimama tena. Tuliporudi mazoezini tulikuwa wachache, na besi ilikuwa na watu wawili tu. Wale wawili walishikilia, mpaka vijana mnaowaona leo wakajifunza.

Kwa hiyo yubilei hii haisemi kwamba hatukupata taabu. Inasema kwamba pumzi ya mmoja ilipokwisha, Mungu alimpa mwingine pumzi. Mchana huu, majina ya waliotutangulia yakishasomwa, tutasimama tuwaimbie wimbo ambao hatukuwaimbia siku ile. Tunawaomba washirika wote msimame nasi. Hata usipojua sauti, simama karibu na anayejua.