Taasisi ya Moyo Kama Ionekanavyo Kutoka Tunduma

Mtoto aliyezaliwa na moyo wenye kasoro mara nyingine utamtambua kiwanjani. Wenzake wanakimbiza mpira. Yeye anakwenda hatua chache, anachuchumaa na kukumbatia magoti huku midomo ikigeuka zambarau. Hakuna aliyemfundisha kukaa hivyo. Akichuchumaa anaibana mishipa ya miguuni, na damu nyingi zaidi inasukumwa kupita mapafuni kuchukua hewa. Anajitibu kwa namna pekee anayoiweza.

Zamani mtoto huyo akiwa wa Tunduma, mpakani na Zambia, barua yake ya rufaa ilipita Vwawa, ikaenda Mbeya, kisha ikashuka na basi Kitonga na Mikumi hadi Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, kilomita zaidi ya 900 kutoka mpakani. Hata huko haikuwa imefika. Kabla ya 2008 aliyehitaji kufunguliwa moyo alisubiri kupelekwa nje ya nchi, hasa India, kwa gharama ya serikali au ya ndugu waliouza walichonacho. Walioondoka walikuwa wachache. Wengi walirudi nyumbani na barua yao.

Mei 2008 Muhimbili ilianza upasuaji huo. Kifua kinafunguliwa, damu inatolewa kwa mipira na kupitishwa kwenye mashine inayofanya kazi ya moyo na mapafu, kisha moyo wenyewe unasimamishwa ili mpasuaji ashone kitu kilichotulia. Kumaliza kushona si kumaliza kazi: lazima moyo uanze tena kudunda, na baada ya hapo wauguzi wakeshe chumba cha uangalizi maalumu wakihesabu mkojo, damu na pumzi. Ndiyo maana huduma hii haiwezi kujengwa na daktari mmoja hodari.

Jengo lilipatikana kwa msaada wa China, na mwaka 2015, mwezi Septemba, kitengo cha moyo cha Muhimbili kikawa Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, hospitali inayojitegemea ndani ya eneo la Muhimbili, chini ya Profesa Mohamed Janabi. Mkoa wetu wa Songwe ulimegwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Taasisi na mkoa ni rika moja. Dkt. Peter Kisenge aliipokea Taasisi mwaka 2022, mwaka ambao pia ilikabidhiwa Hospitali ya Dar Group iliyopo Tazara, penye stesheni ya reli ile ile inayovukia Zambia hapa kwetu.

Timu za wageni zilisaidia sana, zikiwemo Open Heart International ya Australia na Save a Child's Heart ya Israel. Ninachokiheshimu zaidi ni kwamba wageni walifundisha. Dkt. Godwin Sharau alisomea upasuaji wa moyo wa watoto huko Israel, akarudi kuwapasua watoto wa hapa. Ndege ya wageni ikiondoka, wodi haifungwi. Leo wagonjwa wanatoka hata Comoro, Malawi na Zambia. Na si kila moyo unahitaji kifua kufunguliwa: kwenye mtambo wa kathilabu, mrija mwembamba hupitishwa kwenye tundu dogo pajani au mkononi hadi kwenye mshipa ulioziba, ukazibuliwa mgonjwa akiwa macho.

Kwa mkoa wenye watu zaidi ya milioni 1.3, hata hivyo, ugonjwa unaoniumiza zaidi huanzia kooni. Mtoto anaumwa koo, linapona bila dawa. Wiki chache baadaye viungo vinavimba, na kinga ya mwili inaanza kuishambulia milango ya moyo wake. Anakua. Anaolewa. Mimba ya kwanza inammaliza pumzi, ndipo tunaambiwa valvu, ile milango, zimeharibika. Sindano ya penadur kila wiki tatu au nne, ikichomwa mapema na bila kukosa, ingeweza kuzilinda. Ndiyo maana naiona tiba mkoba iliyopewa jina la Rais Samia Suluhu Hassan, ambayo wataalamu wa Taasisi huipeleka mikoani, kuwa hatua kubwa kuliko mashine yoyote iliyoko Dar es Salaam. Kipimo cha eko kinawekwa kando ya kitanda, mafuta baridi yanapakwa kifuani, na mama anauona mlango wa moyo wa mwanawe ukifunguka na kufungika kwenye kioo, kabla hajauza hata debe moja la mahindi kwa ajili ya nauli.

Aliyewekewa valvu ya chuma hurudi na dawa ya kuzuia damu kuganda, ya kumeza maisha yote, na damu yake lazima ipimwe mara kwa mara: dozi ikipungua damu itaganda kwenye valvu, ikizidi atavuja damu. Kazi hiyo haiwezi kufanywa na Dar es Salaam. Ni ya Vwawa na Mbeya, na ni ya hapa Tunduma, ambako usiku, malori ya foleni ya kuvuka kwenda Nakonde, ng'ambo ya mpaka, yakizima injini, mwenye valvu huisikia kifuani mwake ikigonga kama saa ya ukutani.