Jazz ya jina na jazz ya kweli: tarumbeta ya Armstrong ilipofika Katanga

Katika inchi yetu, neno "jazz" lilijulikana kama jina la orkestra kuliko kama muziki. Mwaka wa 1953 Joseph Kabasele, Grand Kallé, aliunda African Jazz kule Léopoldville. Mwaka wa 1956 ikafuata OK Jazz ya Franco na wenzake. Lakini walichocheza ni rumba na cha-cha, na gita ndilo lililoongoza. Kujiita "jazz" kulikuwa kusema: sisi ni watu wa kisasa.

Katanga ilikuwa na njia yake. Jean-Bosco Mwenda, mtoto wa Bunkeya, alipiga gita peke yake kwa vidole. Mwaka wa 1952 Hugh Tracey alimrekodi Jadotville, leo Likasi, na wimbo wake Masanga ukavuka bahari.

Jazz ya kweli ilikuja wakati wa matata. Uhuru ulipatikana tarehe 30 Juni 1960. Tarehe 11 Julai Moïse Tshombe akatangaza kwamba Katanga imejitenga. Hapa Kamina, kambi kubwa ya jeshi la Wabeleji ikaleta mabishano mpaka ONU ilipoichukua. Mwisho wa Oktoba, Louis Armstrong akafika Léopoldville kwa safari iliyodhaminiwa na serikali ya Marekani. Watu walimbeba juu ya kiti kama mfalme. Katika mji huohuo, Patrice Lumumba alikuwa amefungiwa nyumbani kwake, amezungukwa na askari.

Novemba, Armstrong alicheza Elisabethville pia. Marekani haikuitambua serikali ya Tshombe, lakini balozi wake alikwenda kule pamoja na mwanamuziki. Tarumbeta lilifungua mlango ambao diplomasia haikutaka kuonekana ikiubisha.

Tarehe 17 Januari 1961 Lumumba aliuawa karibu na Elisabethville, pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito. Mwezi uliofuata, wanajazz wengine, Max Roach na Abbey Lincoln, walikuwa kati ya waandamanaji walioingia ONU, New York, kupinga mauaji hayo.

Je, Armstrong alaumiwe? Mwaka wa 1957 mtu huyohuyo aliikemea serikali yake hadharani juu ya watoto weusi wa Little Rock, akakataa kutumwa Urusi. Hakuwa kibaraka. Lakini msanii anayealikwa na wakubwa haulizwi watafanya nini nyuma ya jukwaa. Vijana wa Kamina wanaoimba leo kwenye mikutano ya wanasiasa wakumbuke hilo: kwanza waulize ni nani analipa, na anataka nini.