Kadi ya kijivu katika mkoa wa mahindi

Nilikuwa kimya kidogo, nilikwenda nyumbani Iringa kumwona mama. Nikiwa natafuta cheti changu kwenye sanduku lake la bati, nikakutana na kadi ya kliniki ya kaka yangu mkubwa, aliyezaliwa Juni 1985. Mimi ni kitinda mimba, mambo hayo sikuyaona. Kadi ina rangi tatu: kijani ni mtoto mwenye uzito mzuri, kijivu aliyepungua, nyekundu aliye hatarini. Desemba nukta ya kaka iko kwenye kijani. Machi 1986 iko kwenye kijivu. Miezi mitatu, hakuongeza hata robo kilo!

Kilichonishangaza ni kwamba kwetu hapakuwa na njaa. Iringa, Mbeya, Ruvuma na Rukwa ndiyo mikoa minne iliyolisha nchi, na baba alikuwa akiuza mahindi NMC. Sasa mtoto anakondaje na mahindi yapo ndani?

Kumbe swali hilo liliulizwa mkoa mzima. Mwaka 1983 serikali ilianzisha mpango wa lishe Iringa pamoja na WHO na UNICEF, kwa fedha za Italia, ukianzia vijiji 168. Kila baada ya miezi mitatu ilikuwa Siku ya Afya: mizani inaning'inizwa, watoto wanapimwa, majibu yanapelekwa halmashauri ya kijiji. Vipimo vya mwanzo vilionyesha kuwa zaidi ya nusu ya watoto walikuwa na uzito pungufu, na kama 6 katika kila 100 walikuwa na hali mbaya sana. Mkoa wa mahindi huo!

Nikamuuliza mama.

"Mwanangu, chakula kilikuwepo. Nafasi ndiyo haikuwepo."

Januari hadi Machi ni palizi. Anatoka alfajiri na mtoto mgongoni, anarudi jioni, bado kuni, bado maji. Mtoto anakula asubuhi na usiku basi. Na tumbo la mtoto ni dogo: uji mwepesi unamjaza maji, mzito haumezeki. Jirani yetu mmoja alikuwa na hali ngumu zaidi, kwa sababu alianza kulima vibarua kwenye mashamba ya watu ndipo aje kwake. Wanawe, mama anasema, ndio waliokuwa kwenye nyekundu. Na pesa ya mahindi? Hapo mama alicheka tu. Ilipokelewa na baba, na baba ndiye aliyejua ilikoishia.

Kwa hiyo mizani ilikuwa ikipima zaidi ya mtoto. Ilipima saa za mama na mfuko wa baba, tena mbele ya halmashauri ambayo kwetu ilikuwa ya wanaume karibu wote. Vijiji vikaanzisha sehemu za kulishia watoto mchana wakati wa kilimo. Akina mama wakahimizwa kutumia kimea: kijiko kidogo tu kinalainisha uji mzito bila kuongeza maji. (Ndiyo, kimea kile kile cha komoni. Wazee hawakuhitaji kufundishwa.) Kufikia 1988 watoto wenye uzito pungufu walishuka hadi kama 38 katika kila 100, na wale wa hali mbaya sana wakawa chini ya 2.

Ningependa kuishia hapo, lakini utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikuta watoto 57 katika kila 100 mkoani Iringa wamedumaa, kiwango cha juu kuliko mkoa wowote nchini. Kudumaa ni kipimo cha urefu, si uzito, kwa hiyo tusilinganishe namba hizi moja kwa moja. Ila mahindi bado yapo, na palizi bado ni Januari.

Juni 1986 kaka alirudi kijani. Nilidhani mama atataja kimea. Akasema ni bibi, alihamia kwetu mwezi Aprili akawa anampikia uji mchana. Nimempigia kaka kumweleza. Siku hizi ana kilo 90, akaniambia bibi alizidisha.

Wenye kadi za miaka hiyo, hebu angalieni Machi yenu inasemaje.