Madai ya Ajali katika Mbulu na Hanang: Kutoka Baraza la Wazee hadi Motokaa Yenye Kumsaidia Dereva

Kila chombo kipya kiingiapo katika nchi huja na manufaa yake na madhara yake. Na madhara yakiisha kutokea, watu huuliza maswali mawili. La kwanza ni hili: nani abebe mzigo wa hasara? La pili: kwa ushahidi gani? Swali la kwanza ndilo linalojadiliwa sana na wanasheria. Lakini historia ya Mbulu na Hanang yafunza kwamba mdai aghalabu hashindwi katika swali la kwanza. Hushindwa katika la pili. Funzo hilo lina uzito zaidi katika zama hizi za motokaa za umeme zenye mitambo ya kumsaidia dereva, ambazo hushika njia, hupima mwendo na hufunga breki zenyewe, na ambazo ajali zake zimekwisha kufikishwa mbele ya mahakama za Marekani.

Wilaya ya Mbulu ya zamani ilikuwa kubwa. Mwaka 1969 Hanang ilikatwa kutoka kwake, mwaka 1985 Babati nayo ikakatwa kutoka Hanang, na mwaka 2002 zote zikawa sehemu ya Mkoa mpya wa Manyara. Wenyeji wake wakubwa ni Wairaqw, ambao watu wengi huwaita Wambulu, na Wadatoga, hasa Wabarabaig wakaao katika nyanda zilizo chini ya mlima Hanang. Hawa wote walikuwa na njia zao za kukata mashauri kabla ya kuja hakimu wa serikali. George Klima, aliyekaa na Wabarabaig katika miaka ya 1950 na kuchapisha kitabu juu yao mwaka 1970, alieleza mabaraza yao yaitwayo girgwageda: lipo la ujirani, lipo la ukoo, na lipo la wanawake, lenye uwezo wa kumtoza mwanamume faini. Kwa Wairaqw, vifo na maafa ya namna fulani yalileta unajisi, na walioguswa walikaa kando na wenzao mpaka muda wake uishe.

Katika mabaraza hayo mzigo wa fidia haukumwangukia mtu mmoja peke yake, kwani nyuma ya mtu ulisimama ukoo wake. Wala ushahidi haukuwa mbali: aliyeona jambo alikuwa jirani, na jirani alikuwa barazani. Serikali ya kikoloni ililichukua wazo la mzigo wa pamoja ikaligeuza kuwa adhabu. Kwa sheria ya mwaka 1921 jamii nzima iliweza kutozwa faini kwa kosa ambalo mtendaji wake hakupatikana, na Wabarabaig walitozwa ng'ombe kwa njia hiyo. Hapo mzigo uliwekwa mabegani mwa watu bila ya ushahidi juu yao, na jambo hilo halikuwa haki.

Sheria ya Kiingereza iliingia Tanganyika kwa amri ya mwaka 1920, na pamoja nayo ikaja kanuni ya uzembe: anayedai sharti aonyeshe kwamba mdaiwa hakuchukua hadhari iliyompasa. Kanuni hiyo nayo ilikuwa ikikua. Mwaka 1916 mahakama ya New York ilikuwa imeamua kwamba kampuni ya Buick iwajibike kwa mtu aliyeumia baada ya gurudumu la mbao la motokaa yake kuvunjika, ingawa alikuwa hakuinunua kwa kampuni yenyewe. Na mwaka 1932 majaji wakuu wa Uingereza wakaifuata njia iyo hiyo katika kesi ya konokono aliyesemekana kuwamo katika chupa ya kinywaji huko Scotland. Hivyo mkono wa sheria ukanyooka kutoka kwa dereva hadi kwa tajiri aliyemwajiri, na kutoka kwa tajiri hadi kwa mtengenezaji.

Kisha ikaja bima. Uingereza iliilazimisha bima ya mtu wa tatu mwaka 1930, na Tanganyika ikafuata nyayo hizo kabla ya Uhuru. Kwa sheria hiyo, mwenye motokaa hana ruhusa ya kuipeleka barabarani bila ya bima ya kumlipa mtu mwingine aumiaye au afaye, na mdai akiisha kupata hukumu, kampuni ya bima hupaswa kuilipa. Kwa namna fulani bima iliurudisha ukoo kwa sura nyingine: watu wengi wasiojuana wakichanga kidogo kidogo ili mmoja wao asielemewe. Tofauti ni kwamba ukoo ulimjua mtu wake na ukaujua mkasa wake. Bima haimjui mtu, nayo hungoja karatasi ya polisi, cheti cha daktari na hukumu ya mahakama. Mzigo ulipata mbebaji, lakini ushahidi ukaenda mbali na baraza.

Jinsi umbali huo uwezavyo kumwangusha mdai ilidhihirika Hanang kwenyewe, katika kesi ambayo haikuwa ya ajali, lakini ilihusu hasara iliyoletwa na shirika lenye mitambo mikubwa. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1960 serikali, kisha Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula, NAFCO, kwa msaada wa Kanada, ililima ngano katika nyanda za Basotu na jirani zake kwa matrekta na mashine za kuvunia. Mashamba yalifika saba, yenye jumla ya eka 100,000 hivi, na mengi yalikuwa malisho ya Wabarabaig. Mwaka 1981 Halmashauri ya Kijiji cha Mulbadaw pamoja na watu 67 walifungua daawa katika Mahakama Kuu ya Arusha. Mwaka 1984 mahakama hiyo iliona kwamba wana haki ya kulipwa fidia. Mwaka 1985 Mahakama ya Rufani iliitengua hukumu. Kijiji kiliambiwa kwamba hakikuonyesha kuwa kiligawiwa ardhi hiyo kwa mujibu wa sheria; nao wanakijiji wakaambiwa kwamba hawakuthibitisha kuwa ni "wenyeji" kwa maana ya Sheria ya Ardhi ya wakati huo. Watu ambao hakuna jirani aliyeshuku asili yao walishindwa kwa sababu asili hiyo haikuandikwa katika majalada ya kesi. Matrekta yalipita mchana mbele ya macho ya watu. Kilichokosekana si tendo, ni uthibitisho.

Sasa itazamwe motokaa mpya. Mwezi wa Aprili 2019, huko Key Largo katika jimbo la Florida, motokaa ya umeme ya kampuni ya Tesla, ikiwa katika hali ya kumsaidia dereva, ilipita mwisho wa barabara bila ya kusimama, ikagonga gari lililoegeshwa. Msichana mmoja akafa na mwenziwe akaumia vibaya. Dereva alikuwa ameinama kuokota simu yake. Mwezi wa Agosti 2025 baraza la wazee wa mahakama katika Miami liligawa lawama: theluthi mbili kwa dereva, theluthi moja kwa kampuni, ambayo iliamriwa kulipa dola milioni 243 hivi, sehemu kubwa yake ikiwa ni fidia ya adhabu. Kampuni ilitangaza kwamba itakata rufaa. Hoja kubwa haikuwa tu nani alikosa, bali pia kumbukumbu zilizohifadhiwa na motokaa yenyewe kabla ya kugonga. Wadai iliwabidi kutafuta mtaalamu wao wa kuzifungua. Shahidi mkuu wa ajali hakuwa mpita njia tena, bali chombo kilichotengenezwa na mdaiwa.

Msomaji atauliza: hayo yahusu nini barabara ya Babati hadi Singida ipitayo Katesh, au njia ipandayo mlima wa Magara kwenda Mbulu? Yahusu, kwa sababu magari mengi ya Tanzania huja yakiwa yamekwisha kutumika Japani, na tangu mwaka 2015 Toyota na wenzake wamekuwa wakitia mitambo kama hiyo hata katika magari ya kawaida yasiyo ya umeme. Mtambo usomao mistari iliyochorwa katika lami hauna cha kusoma katika vumbi. Gari likifunga breki bila ya sababu, au likakosa kufunga penye sababu, dereva atalaumiwa, naye hatakuwa na neno la kujitetea; na mfiwa atakuwa na miaka mitatu ya kufungua madai, kwa Sheria ya Ukomo ya mwaka 1971, dhidi ya mtengenezaji aliye ng'ambo.

Nchi nyingine zimetafuta dawa. Uingereza kwa sheria ya mwaka 2018 iliweka kwamba gari likijiendesha lenyewe na kuleta ajali, bima imlipe kwanza aliyeumia, kisha yenyewe ndiyo imfuate mwenye kosa. Ujerumani tangu mwaka 2017 inataka magari yenye kujiendesha kwa kiwango kikubwa yaandike ni nani aliyekuwa akiendesha, mtu au mtambo. Lakini Tanzania haianzi mikono mitupu. Mwaka 1863 mahakama ya Kiingereza iliamua juu ya pipa la unga lililomwangukia mpita njia katika Liverpool kutoka ghalani, kwamba aliyeangukiwa halazimiki kueleza limeangukaje. Mwenye ghala ndiye aeleze. Sheria ya Ushahidi ya Tanzania ya mwaka 1967 nayo yasema kwamba katika shauri la madai, jambo lililo katika ujuzi wa mtu fulani hasa, mzigo wa kulithibitisha ni wake. Na Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 yakataza ushahidi wa mitambo ukataliwe kwa sababu tu ni wa mitambo.

Kanuni hizo tatu zikiunganishwa, zatosha kumwambia mwenye kumbukumbu: kitoe ulicho nacho, au ubebe lawama ya kukificha. Haifai kumtaka mjane wa Katesh athibitishe kilichomo ndani ya sanduku ambalo ufunguo wake uko ng'ambo, kama vile haikufaa kumtaka Mbarabaig athibitishe asili iliyojulikana na majirani wote. Iwapo mahakimu watazitumia kanuni hizo ajali ya kwanza ya namna hiyo itakapofika mbele yao, haki itamfikia mdai. Wasipozitumia, kesi ya Mulbadaw itarudi tena, safari hii ikiwa na magurudumu.