Nyirinyiri ilikuwepo kabla ya friji

Wasee, mkisema Kinna haina historia ya msosi, skizeni. Waborana walikata nyama ya ng'ombe au ngamia vipande virefu, wakaianika juani, wakaikatakata ndogo ndogo, wakaikaanga na kuifunika kwa mafuta. Maji yametoka, hewa haiingii: nyama inakaa miezi. (Mtu achore katuni ya mtandaoni, shujaa awe kibuyu cha nyirinyiri. Nitaisoma usiku kucha.)

Lakini nyirinyiri inataka mifugo. Wakati wa vita vya Shifta, 1963 hadi 1967, serikali iliwafungia Waborana wa Isiolo kambini, na mifugo ikaisha kwa wingi. Wenyewe wanakiita kipindi hicho Gaafa Dhaabaa, wakati wa kusimamishwa. Kwa hivyo mzee akikwambia kuna miaka hawakuwa na nyama ya kuanika, usidhani anaongelea ukame tu.