Duara la Kasubi na kamba yetu

Mkebe wa hesabu ni mmoja, siye tuko tisa, na bikari ilivunjika. Basi tukachomeka kijiti kando ya reli hapa Namuwongo, tukafunga kamba, tukazungusha: duara safi kabisa! Tukakumbuka kilima cha Kasubi, humuhumu Kampala. Mwaka 1882 Kabaka Muteesa I alijenga pale nyumba kubwa ya nyasi ya mviringo. Alipofariki 1884 ikawa kaburi lake. Kipenyo ni mita 31. Yaani kamba ya mita 15 na nusu tu inakupa mzingo wa mita 97 hivi. Dari ina pete 52, moja kwa kila ukoo wa Baganda. Machi 2010 iliungua, watu wakalia. Ikajengwa tena, palepale, mviringo vilevile. Siye tulioacha nyumba zimeungua tunaielewa hiyo. Mwenzetu mmoja alishaacha shule kwa kuogopa hesabu. Jana amekuja na kamba yake.